Figo za Msafiri: Dawa ya Rangi na Kipimo cha Mishipa ya Moyo

Dawa ya rangi inayodungwa wakati wa kupiga picha za mishipa ya moyo hutoka mwilini kwa njia moja kubwa, nayo ni figo. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa huwa imekwisha kuchujwa na kutoka na mkojo katika muda wa saa mbili hivi, na baada ya siku moja inayosalia ni kidogo sana. Kwa mtu ambaye figo zake zimedhoofika, dawa hiyohiyo hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na wakati mwingine huziacha figo katika hali mbaya kuliko ile iliyozikuta. Madhara hayo mara nyingi hayaumi wala hayaonekani. Mgonjwa huamka, hula, hutembea, hurudi kwake, na kumbe kazi ya kuchuja damu imeshapungua.

Kipimo chenyewe huitwa anjiografia. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye ateri ya kifundo cha mkono au ya kinena, akaufikisha kwenye midomo ya mishipa inayoulisha moyo, kisha hudunga dawa kidogo kidogo huku mtambo wa eksirei ukirekodi picha. Ayodini iliyomo kwenye dawa huzuia miale, hivyo mahali mshipa ulipoziba au kuwa mwembamba hujionyesha waziwazi. Kipimo peke yake kwa kawaida hutumia mililita 50 hadi 100 za dawa. Ikibidi kuzibua mshipa na kuweka stenti, yaani kijirija cha waya cha kuushikilia wazi, papo hapo, kiasi kinaweza kufika 200 au kupita.

Sehemu ya ndani ya figo huishi na oksijeni kidogo hata siku ya kawaida. Dawa ya rangi huongeza dhiki hiyo: hubana mishipa midogo inayopeleka damu huko, huufanya mkojo uwe mzito na kupita polepole ndani ya vijirija vyake, na huzidhuru seli zinazovizunguka vijirija hivyo. Mtu aliyepungukiwa maji huathirika zaidi, maana figo zake zimeshaanza kubana mkojo na kuukoleza, na dawa hukolea pamoja nao. Hapa ndipo mzizi wa kinga ulipo. Karibu kila hatua ya kuzilinda figo, kuanzia kikombe cha maji hadi uchaguzi wa dawa, inalenga kupunguza ukolezi huo au kupunguza dawa inayoingia.

Jambo hili lilichelewa kueleweka. Katikati ya karne ya 20, wagonjwa waliokuwa wakipigwa picha za figo kwa dawa ya rangi walinyimwa maji kwa makusudi ili mkojo ukolee na picha ing'ae. Taarifa ya mwaka 1954 ya mgonjwa wa saratani ya uboho, ambaye figo zake ziligoma baada ya picha ya namna hiyo, ni miongoni mwa za kwanza kuandikwa kuhusu hatari hii. Mwaka 1958, Mason Sones wa Cleveland Clinic nchini Marekani alidunga dawa moja kwa moja kwenye mshipa wa moyo kwa bahati, na mgonjwa akapona. Kuanzia hapo anjiografia ya moyo ikawa kazi ya kila siku. Dawa za zamani zilikuwa na chumvichumvi nyingi mno kuliko damu, zikaumiza na kuunguza. Mtaalamu wa Sweden, Torsten Almén, ndiye aliyefungua njia ya dawa zisizo na chaji ya umeme, ambazo ukali wake uko karibu zaidi na ule wa damu. Dawa kama iohexol, iliyotoka viwandani Norway katika miaka ya 1980, na iodixanol iliyofuata baadaye, ndizo zilizoenea leo, na kuachana na zile za zamani peke yake kumezinusuru figo nyingi.

Nchini Tanzania, kwa miaka mingi mgonjwa aliyehitaji kipimo hiki alisubiri rufaa ya kwenda India. Hali ilibadilika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015 ndani ya eneo la Muhimbili, Dar es Salaam, ikiwa na maabara yake ya kupitisha mirija, ambayo wengi huiita kathlabu. Huduma hiyo imeokoa maisha na fedha. Lakini kwa watu wa pembezoni mwa nchi imeleta pia swali jipya, ambalo halikuwapo wakati safari ilikuwa ya ndege na ya watu wachache: figo za mtu aliyesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi zinafika mezani katika hali gani, na zinarudi nyumbani chini ya uangalizi wa nani?

Nyakunguru ni mahali pazuri pa kulitazamia swali hilo. Iko mkoani Mara, katika eneo ambalo mto Mara unazigawa wilaya za Tarime na Serengeti. Mgonjwa wa moyo huanza zahanati, akapelekwa hospitali ya halmashauri iliyoko Nyamwaga au, kwa aliye upande wa Serengeti, Hospitali Teule ya Nyerere iliyoko Mugumu. Akizidiwa huenda Musoma, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Kisha Bugando, Mwanza. Kisha Dar es Salaam. Kila ngazi huandika barua. Barua hueleza moyo kwa urefu: presha, ECG, ECHO, maumivu ya kifua. Figo mara nyingi hupewa mstari mmoja, na wakati mwingine hazipewi kitu.

Mzee mmoja wa huko, mkulima na mfugaji aliyeishi na kisukari na presha kwa miaka mingi, alipita njia hiyo yote. Mwanawe aliyemsindikiza anakumbuka mambo ambayo hayakuandikwa kwenye faili lolote. Kabla ya safari mzee alikataa hata uji, kwa sababu basi huondoka alfajiri na mtu mzima haoni vizuri kuliomba lisimame. Chupa ya maji aliyonunuliwa Bunda ilifika Dar es Salaam ikiwa karibu imejaa. Abiria waliposhuka kuchimba dawa, yeye alibaki kwenye kiti, magoti yakimuuma. Walipofika stendi ya Magufuli, Mbezi, jambo la kwanza aliloomba ni dawa ya maumivu, na duka la jirani likamuuzia diklofenaki. Kesho yake alilazwa. Usiku akaambiwa asile wala asinywe, na zamu yake ikasogezwa hadi alasiri kwa sababu wagonjwa wa dharura waliwekwa mbele.

Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyefanya jambo la ajabu. Mzee alilinda heshima yake, muuzaji aliuza kinachouzwa, muuguzi alifuata utaratibu wa kufunga. Lakini yakijumlishwa, mambo hayo yalitengeneza mtu mwenye kisukari, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, aliyekauka kwa siku mbili, mwenye dawa inayobana mishipa ya figo tumboni, na anayesubiri kudungwa dawa nyingine inayobana mishipa hiyohiyo. Kilichomnusuru ni swali. Daktari kijana aliyepita wodini mchana ule alimuuliza, "Baba, leo umekwenda haja ndogo mara ngapi?" Mzee akajibu kwamba tangu asubuhi hajakwenda. Damu ikachukuliwa upya, kreatinini ikaonekana imepanda kuliko ile iliyoandikwa kwenye barua ya rufaa wiki kadhaa nyuma, na kipimo kikaahirishwa ili awekewe dripu kwanza.

Swali la namna hiyo halihitaji mtambo. Linafaa kuulizwa kwa kila mgonjwa anayeingia kathlabu akitoka mbali, pamoja na mengine matatu: umesafiri kwa muda gani, umekunywa nini tangu jana, na umemeza dawa gani ambayo hatukukuandikia sisi.

Kreatinini ni taka ya misuli inayochujwa na figo. Ikipanda kwenye damu, uchujaji umeshuka. Tatizo ni kwamba namba yake peke yake hudanganya. Kreatinini ya mikromoli 133 kwa lita, kwa kijana wa kiume wa miaka 25, humaanisha uchujaji wa takriban mililita 66 kwa dakika kwa kanuni ya CKD-EPI ya mwaka 2021. Namba hiyohiyo kwa bibi wa miaka 71 humaanisha takriban 37. Kijana anaweza kupimwa bila maandalizi mengi. Bibi yuko kwenye kundi la kuangaliwa kwa karibu. Bibi aliyekonda zaidi, ambaye misuli yake imekwisha, anaweza kuwa na figo dhaifu kuliko hata hesabu inavyosema. Kwa hiyo barua ya rufaa inayoandika "kreatinini kawaida" haijamsaidia mtu. Inapaswa kuandika namba, tarehe ya kipimo, umri, jinsia na uzito.

Uchujaji ukiwa chini ya 60 daktari huanza kuwa macho, na ukiwa chini ya 30 tahadhari zote huhitajika. Mizigo mingine huongezeka juu ya huo: kisukari, moyo uliopanuka na kushindwa kusukuma damu, presha iliyoshuka sana, upungufu wa damu, umri zaidi ya miaka 75, na wingi wa dawa ya rangi. Roxana Mehran na wenzake waliiweka mizigo hiyo kwenye jedwali la alama mwaka 2004, na jedwali hilo bado linatumika. Kwa Mara inafaa kukumbuka pia watu wanaotumia tenofovir kwa ajili ya VVU, kwa sababu kwa baadhi yao dawa hiyo hudhuru figo polepole, na wale wanaokunywa dawa za miti shamba ambazo hakuna aliyepima nguvu yake. Hao wote hawazuiwi kupimwa moyo. Wanahitaji kujulikana mapema.

Kinga ya kwanza kabisa ni kuhakikisha kipimo kinahitajika. Mgonjwa ambaye vali zake zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, au ambaye moyo wake umepanuka kwa presha ya miaka mingi, mara nyingi hupata majibu yake makuu kwenye ECHO, ambayo hutumia mawimbi ya sauti na haigusi figo. Picha za moyo kwa CT hutumia dawa ya rangi pia, japo kwa njia ya mshipa wa vena. Anjiografia ina thamani yake pale mishipa ya moyo yenyewe inapotiliwa shaka na jibu litabadilisha matibabu. Ikiwa jibu halitabadilisha chochote, hakuna sababu ya kuzihatarisha figo.

Kinga ya pili ni maji, na hapa ndipo ushahidi ulipo mzito zaidi. Mwaka 1994 Richard Solomon na wenzake walilinganisha dripu ya maji ya chumvi peke yake na dripu iliyoongezewa dawa za kukojosha. Wengi waliamini kwamba kumlazimisha mgonjwa akojoe kungeosha dawa haraka. Matokeo yalikwenda kinyume: waliopewa maji ya chumvi tu ndio waliofanya vizuri, na furosemidi, mojawapo ya dawa hizo za kukojosha, ikaongeza madhara. Mwaka 2002 utafiti mwingine ulionyesha kwamba maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ambayo yanalingana na damu, ni bora kuliko yale ya nusu yake. Utaratibu wa kawaida ukawa mililita 1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa saa 12 kabla ya kipimo na 12 baada yake. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 1,440 kwa jumla, yaani chupa tatu hivi za dripu za nusu lita. Ni kinga ambayo hospitali yoyote ya wilaya inaweza kuimudu.

Maji hayo si ya kumiminwa tu. Moyo ulioshindwa hauwezi kubeba mzigo mkubwa wa maji, na mgonjwa anaweza kuanza kuhema usiku kwa sababu mapafu yamejaa. Kwa hao kiwango hupunguzwa hadi nusu, na muuguzi husikiliza mapafu na kupima mkojo. Njia iliyo nzuri zaidi ilionyeshwa na utafiti wa POSEIDON, uliotangazwa mwaka 2014: daktari akishafikisha mrija ndani ya moyo, hupima shinikizo la chumba cha kushoto, kisha huamua kasi ya dripu kwa namba hiyo. Shinikizo likiwa dogo, dripu inakwenda kasi ya mililita 5 kwa kilo kwa saa. Likiwa kubwa, inashushwa hadi 1.5. Madhara ya figo yalipungua kutoka asilimia 16.3 hadi 6.7. Uzuri wa njia hii ni kwamba kipimo cha shinikizo hupatikana kwa mrija uleule ambao tayari umo ndani, bila kuongeza gharama yoyote ya maana.

Wapo wagonjwa ambao dripu haiwaongezei kitu. Utafiti wa AMACING uliofanyika Maastricht, Uholanzi, na kutangazwa mwaka 2017, uliwafuata wagonjwa 660 wenye uchujaji kati ya 30 na 59. Waliokosa dripu hawakuumia kuliko waliopewa. Inafaa kuusoma utafiti huo kwa uangalifu. Mtu aliyekaa kwenye basi siku nzima bila kunywa si mgonjwa wa Maastricht. Kwake yeye dripu hurudisha kwanza kile ambacho safari ilichukua.

Kufunga kula na kunywa kunahitaji kuangaliwa upya. Miongozo ya utoaji wa dawa za usingizi imeruhusu maji matupu hadi saa 2 kabla ya utaratibu kwa miaka mingi, na jaribio la SCOFF la Australia, lililotangazwa mwaka 2024, liliona kwamba wagonjwa wa kathlabu ambao hawakufunga hawakupata madhara zaidi ya waliofunga. Amri ya "usinywe kitu tangu saa sita usiku", hasa kwa mtu ambaye zamu yake inaweza kusogea hadi jioni, humkausha bila faida. Kila hospitali ina utaratibu wake na mgonjwa anapaswa kuufuata, lakini ana haki ya kuuliza: maji je? Na mwisho wa kunywa ni saa ngapi?

Safari nayo inaweza kupangwa. Mgonjwa wa Nyakunguru anayeweza kufika Dar es Salaam siku mbili kabla, akakaa kwa ndugu, akanywa maji na uji na kukojoa vizuri, ameshafanya sehemu kubwa ya kinga kabla hajamwona daktari. Ndani ya basi, anayemsindikiza mzee ndiye wa kuzungumza na kondakta. Kondakta akiambiwa mapema kwamba kuna mgonjwa, huwa anaelewa, na mzee haoni haya tena. Mwenye moyo ulioshindwa ambaye daktari amempimia maji ya kunywa kwa siku hafuati ushauri huu wa jumla. Yeye hufuata kiasi alichoandikiwa.

Kuhusu dawa, zilizo hatari zaidi ni zile za maumivu zinazouzwa kila duka la dawa muhimu: diklofenaki, ibuprofeni, na ndugu zao wa familia hiyo. Figo iliyokauka hutegemea kemikali fulani za mwili kuiweka wazi mishipa yake ya damu, na dawa hizo huzifunga kemikali hizo. Ziachwe siku kadhaa kabla na baada. Paracetamol inatosha kwa magoti mengi. Sindano za jentamaisini ziepukwe kama kuna mbadala. Dawa za kutoa maji mwilini huamuliwa na daktari kwa kila mgonjwa. Aspirini ya dozi ndogo iliyoandikwa kwa ajili ya moyo haiachwi, kwa kuwa kuiacha kunaweza kuziba stenti, na inasikitisha kwamba wapo wanaoiacha kwa kusikia tu kwamba nayo ni ya maumivu.

Metfomini, dawa ya kisukari, huleta mkanganyiko mkubwa. Haiumizi figo. Hatari yake ni kwamba figo zikigoma ghafla, yenyewe hulundikana na damu huweza kujaa asidi. Maelekezo ya mamlaka ya dawa ya Marekani ya mwaka 2016 yanataka isimamishwe wakati wa kipimo kwa mwenye uchujaji wa 30 hadi 60, mwenye ugonjwa wa ini au moyo ulioshindwa, na kwa anayedungwa dawa ya rangi kwenye ateri. Kisha figo zipimwe baada ya saa 48 kabla ya kuirudia. Aliye chini ya 30 hapaswi kuitumia kabisa. Mgonjwa akiambiwa "acha" bila kuambiwa "utarudia lini", sukari hupanda miezi mizima, na hilo nalo ni pigo kwa figo.

Orodha ya vitu vilivyojaribiwa bila kufaulu ni ndefu. Asetilisisteini ilipata sifa kubwa baada ya utafiti mdogo wa mwaka 2000, ikatolewa duniani kote kwa sababu ni rahisi na haina madhara makubwa. Bikaboneti ikafuata mwaka 2004. Utafiti wa PRESERVE uliotangazwa mwaka 2018, wenye wagonjwa wapatao 5,000, haukuona faida ya yoyote kati ya hizo juu ya maji ya chumvi ya kawaida. Kusafisha damu kwa mashine mara baada ya kipimo, kwa nia ya kuiondoa dawa, hakuzuii madhara pia. Familia inayoambiwa inunue kitu cha bei kubwa cha kulinda figo inaweza kuuliza kwa heshima kama dripu haitoshi.

Ndani ya kathlabu, uamuzi mkubwa ni wingi wa dawa. Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni kutopitisha mililita zinazozidi mara 3 ya namba ya uchujaji, na ikiwezekana kubaki karibu na mara 2. Bibi yule wa uchujaji wa 37 ana bajeti ya takriban mililita 110, na ni vizuri namba hiyo itamkwe kwa sauti kabla sindano ya kwanza haijaanza, ili fundi wa mitambo na muuguzi wahesabu pamoja na daktari. Picha ya chumba cha kushoto cha moyo, ambayo humeza dawa nyingi kwa mkupuo mmoja, huachwa kama ECHO imeshatoa jibu. Kazi ya stenti inaweza kugawanywa siku mbili tofauti. Kupitia kifundo cha mkono badala ya kinena kulionyeshwa na uchambuzi wa utafiti wa MATRIX mwaka 2017 kupunguza madhara ya figo, kwa sababu damu inayopotea ni kidogo na mrija haupiti kwenye aota ya tumboni, ambako unaweza kukwangua mafuta yaliyoganda na kuyasukuma kwenye figo.

Jambo hilo la mwisho limewafanya wataalamu wapunguze lawama kwa dawa yenyewe. Watu waliolazwa hospitalini kreatinini yao hupanda na kushuka hata bila kudungwa chochote, na tafiti za picha za CT zilizowalinganisha waliodungwa na wasiodungwa mara nyingi zimekuta tofauti ndogo au hakuna. Kwa kipimo cha moyo, presha iliyoshuka, damu iliyopotea na mafuta yaliyokwanguliwa vina sehemu yao. Kwa mgonjwa, chanzo kikiwa kimoja au vitatu, kinga ni ileile. Kwa daktari, somo ni kwamba hofu isizidi kipimo. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba watu wenye figo dhaifu hunyimwa anjiografia waliyoihitaji, wakafa kwa moyo. Mtu mwenye shambulio la moyo linaloendelea hapaswi kusubiri kreatinini. Mshipa huzibuliwa kwanza, dripu huenda sambamba, na figo huangaliwa baadaye.

Huko baadaye ndiko mnyororo unakokatikia. Madhara hutambuliwa kwa kreatinini kupanda mikromoli 26.5 au zaidi ndani ya saa 48, au kufika mara 1.5 ya ilivyokuwa ndani ya siku 7, kwa vigezo vya KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, vya mwaka 2012. Kwa kawaida hupanda siku ya pili, hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hushuka ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Lakini mgonjwa huruhusiwa kesho yake. Siku ambayo kreatinini yake ingepaswa kupimwa, yeye yuko Shinyanga dirishani, anaitazama barabara, na tena hanywi maji.

Yule mzee alipimwa siku ya pili baada ya ile dripu, kwa dawa kidogo, kupitia mkono wa kulia. Aliporuhusiwa, muuguzi aliandika kwenye karatasi moja: kiasi cha dawa alichodungwa, kreatinini ya kabla, tarehe ya kupima tena, na maneno "metfomini isirudiwe hadi majibu". Mwanawe aliipeleka karatasi hiyo Nyamwaga. Kreatinini ilikuwa imepanda. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa ilishatarajiwa. Daktari alisimamisha dawa mbili, akamtaka anywe maji, akampima tena wiki iliyofuata, ikawa imeshuka. Bila karatasi ile angelirudia dawa zake zote siku aliyofika nyumbani, na magoti yakiuma angetumwa mtoto dukani kununua diklofenaki.

Karatasi ya namna hiyo inapaswa kuwa sehemu ya ruhusa ya kila mgonjwa aliyedungwa dawa ya rangi, hasa anayerudi mkoani. Iseme hospitali gani iliyo karibu naye inayopima kreatinini, maana zahanati nyingi hazipimi. Iseme dalili za kumrudisha haraka: mkojo kupungua sana, miguu na uso kuvimba, kuhema, kichefuchefu kisichoisha. Mgonjwa mwenye uchujaji chini ya 30 ni bora abaki mjini hadi kipimo cha saa 48 hadi 72 kifanyike, hata kama ni kwa kulala kwa ndugu. Madaktari wa moyo wa taasisi ya Dar es Salaam huenda mikoani kwa utaratibu wa tiba mkoba, na ziara hizo ni nafasi ya kuzichunguza figo za wagonjwa kabla ya rufaa na kuzifuatilia baada yake, kwenye hospitali walizozizoea.

Wachache huhitaji kipimo cha pili, ama kwa sababu mshipa mwingine umebaki, ama stenti imeziba. Kama si dharura, husubiriwa kreatinini irudi ilipokuwa, na kwa aliyeumia mara ya kwanza wiki mbili si muda mrefu. Karatasi ya mara ya kwanza huletwa pamoja na barua mpya ya rufaa, ikiwa na mililita alizodungwa na jinsi figo zilivyoitikia, na bajeti ya dawa ya safari hii hupangwa kuanzia hapo.